Mtu Aliyemletea Bintiye Mawe ya Njano

Babu yangu alimuua mtu kwa fimbo akiwa na miaka kumi na tisa, na mimi ndiye niliyeitoa siri hiyo kinywani mwake kwa sababu nilitaka maksi nzuri ya historia. Najua nimeanzia mwisho. Lakini kila nikianzia mwanzo naishia kujitetea, na daftari hili sikulinunua ili nijitetee.

Tulikuwa mwaka wa pili wa sekondari ya juu, kwenye shule ya katikati ya Stockholm. Mimi nilikuwa natoka Fittja kwa treni ya chini ya ardhi, mstari mwekundu, rafiki yangu anatoka Hässelby, mwisho kabisa wa mstari wa kijani. Sikuwa na rafiki mwingine. Familia zetu zinatoka Katanga, yao yote, yetu nusu, maana mama yangu ni Mtanzania wa Kigoma na ndiyo sababu Kiswahili changu kinamchekesha baba. Darasani nilikuwa sisemi. Mwalimu akiuliza swali nami nikalijua jibu, nilikuwa naliandika pembeni mwa daftari, rafiki yangu ananyoosha mkono na kulisema.

"Bubu wewe," alikuwa ananiambia. "Siku mdomo wangu huu ukichoka, utafanyaje?"

Majira yale ya baridi mwalimu wa historia alitupa kazi ya muhula: utafiti wa nyuklia wakati wa Vita vya Pili. Kwanza alitupeleka chini ya ardhi. Humu mjini, ndani ya mwamba, chini ya majengo ya chuo, kuna ukumbi mkubwa ambamo Wasweden waliweka kinu chao cha kwanza cha nyuklia miaka michache baada ya vita. Kinu kilishaondolewa. Limebaki shimo, na baridi inayokuingia kwenye meno. Mwalimu alisimama pale, sauti yake ikigonga ukutani na kurudi, akatueleza jinsi watu walivyogundua kwamba kiini cha atomu ya urani kinaweza kupasuliwa, jinsi wengi wa waliolijua hilo walivyokuwa wakimbizi waliofukuzwa makwao, jinsi majirani zetu Wanorwei walivyolipua mitambo ya maji mazito, yale ya kutumia kwenye vinu, ili Wajerumani wasiyapate, jinsi Wamarekani walivyojenga miji ya siri. Alikuwa anawataja wanafizikia mmoja mmoja kama mtu anayesoma kikosi cha timu ya taifa. Mvulana mmoja akauliza urani yenyewe ilitoka wapi.

"Sehemu kubwa ilitoka Kongo ya Wabelgiji," akasema mwalimu, akageuza karatasi.

Rafiki yangu akanipiga kiwiko. "Umesikia? Sekunde mbili. Kongo nzima imepewa sekunde mbili!"

Ndipo nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya. Nilinyoosha mkono. Nikasema babu yangu alifanya kazi kwenye mgodi ilikotoka urani hiyo. Darasa zima likanigeukia, pumzi zao zinatoka kama moshi, na mwalimu akauliza kama babu yuko hai, kama naweza kumhoji. Nikasema ndiyo, anaishi na sisi. Na kwa kuwa walikuwa bado wananitazama, na nilikuwa sijawahi kutazamwa hivyo, nikaongeza kwamba alikuwa anachapwa kule, kwamba mgongo wake umejaa makovu.

Babu hana kovu hata moja mgongoni. Najua, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa namchua kwa mafuta. Niliongeza tu.

Sasa nieleze habari za bibi wa rafiki yangu. Jumapili tulikuwa tunasali Tumba, kwenye ukumbi wa kukodi, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Watanzania wachache. Baada ya ibada kuna kahawa, maandazi, na zile keki za mdalasini za dukani. Bibi alikuwa na desturi yake pale. Mzee yeyote mgeni kutoka Katanga hapewi kikombe mpaka aulizwe.

"Baba yangu alikuwa mugodini ile wakati ya vita," alikuwa anasema, amekishika kikombe cha mgeni. "Alitoka asubui, hakurudi. Hatukuona maiti, hatukuonyeshwa kaburi. Mi nilikuwa na miaka sita. Kazi yake ilikuwa kuchagua mawe. Alikuwa ananiletea mawe ya njano, mi nachora nayo kwa ukuta. Ulisikia habari yake?" Halafu anataja jina.

Wazee walikuwa wanatikisa kichwa, wanapewa kahawa yao. Watu walikuwa wanamtania: "Mama, huyu ni wa Goma, muache anywe!" Yeye mwenyewe alikuwa anacheka. Lakini anauliza. Miaka sitini na kitu alikuwa anauliza, Likasi, Lubumbashi, kambini Zambia, sasa Tumba. Alikuwa na mdogo wake Likasi, na wote wawili walikuwa wamekataa kufanya matanga ya baba yao mpaka wajue amekufaje na amelala wapi.

Babu alikuja kwetu vuli ile. Jumapili yake ya kwanza Tumba aliulizwa kama wote. Nilikuwa nimesimama karibu nikigawa vijiko.

"Mama," akajibu, "mugodi ilikuwa na watu wengi."

Hakupokea kikombe. Aliomba koti lake. Na tangu siku ile, kila Jumapili, mguu ulikuwa unamuuma. Ndiyo mwanzo wa mimi kumchua, mguu kwanza, kisha na mgongo. Nilidhani ni baridi.

Nilimhoji Jumamosi mchana, jikoni. Mama alikuwa kazini kwenye nyumba ya wazee, baba alikuwa anaendesha basi. Niliazima kinasa sauti shuleni, kidogo kama kiberiti, nikakiweka juu ya meza kati ya vikombe viwili. Babu alikipenda. Alikuwa anakisogelea kila akisema, kama anakinong'oneza.

Alinieleza kwamba mgodi ulikuwa umefungwa, umejaa maji, halafu vita ikiendelea Wazungu wakarudi na haraka, wakayavuta yale maji kwa pampu. Haraka ile hakuna aliyeielewa. Walikuwa wanaambiwa mawe ni ya kutengeneza dawa na rangi. Wachaguaji walikuwa wanachuchumaa mstari mmoja, jua linawapiga, wanapima kila jiwe mkononi. Jiwe la kweli ni jeusi kama lami, lina ngozi ya njano au ya kijani, na linakuvuta mkono chini. La kweli linatiwa guniani, la uongo linatupwa. Magunia yanashonwa, yanapakiwa kwenye treni, treni inakwenda hadi bahari ya upande wa Angola, meli inakwenda Marekani. Jiwe hata moja lisitoke getini.

"Na walikuwa wanakuchapa, Babu?" nikauliza. Nilikuwa nalihitaji jibu lile. Nilishawaambia watu.

Akanitazama kama nimemtukana.

"Nani anichape? Mi nilikuwa kapita."

Sikujua neno. Akanieleza. Kapita ni msimamizi, Mwafrika, aliyepewa filimbi na shikoti. Shikoti ni fimbo ya ngozi ya kiboko iliyokaushwa na kusokotwa, kingo zake zinakata. Akaunyoosha mkono juu ya meza kunionyesha urefu, kikombe kikaanguka. Hatukukiokota.

"Muzungu alikuwa anasema namba tu. Anasema kumi na mbili. Anasema ishirini na tano. Mtu analala chini, wawili wanamushika mikono na miguu. Mi napiga, na napaswa kuhesabu kwa sauti. Nikipotea katika hesabu, tunaanza tena kwa moja. Kwa hiyo hata mwenye kupigwa anaomba nisipotee."

Kulikuwa na mchaguaji mmoja, akasema. Mtu wa kukohoa. Mara mbili alimkuta na mawe ya njano yamefungwa ndani ya kitambaa cha kiunoni, na mara zote mbili alimwacha, kwa sababu yule mtu alimwambia ni ya mtoto, anachorea. Mara ya tatu Mzungu alikuwa amesimama palepale getini. Kitambaa kikafunguliwa. Vipande vitatu, vidogo kama maharage. Mzungu akasema ishirini na tano.

"Ile ya kumi na nne alilia jina la mutoto. Ile ya kumi na tano akanyamaza. Ngozi ya mgongo ilikuwa imefunguka, nyama inaonekana, nzi wanakuja. Wale wenye kumushika mikono wakaniangalia. Mi nikaendelea."

"Kwa nini hukuacha?"

"Namba ilikuwa bado."

Alilisema kawaida, kama mtu anayekuambia basi halijafika. Kinasa sauti kilikuwa kinaendelea kuwasha taa yake nyekundu. Yule mtu alikufa mchana uleule. Walimzika kabla ya jua kuzama, yeye na wawili wengine wa wiki ile, ng'ambo ya reli, mahali mabehewa yalipokuwa yanageuzwa. Babu ndiye aliyesimamia shimo.

"Babu, yule mtoto, alikuwa wa kike?"

"Unajua," akasema. "Kwa nini unaniuliza kitu unajua?" Halafu akaushika mkono wangu kwa nguvu mpaka ukauma. "Usimwambie yule mama. Mi nitakufa karibuni. Ngoja kwanza nikufe."

Siku iliyofuata, Jumapili, Bibi alinipa andazi Tumba, akaniuliza mguu wa babu unaendeleaje. Nililila. Mchana nikaenda maktaba kusoma juu ya bomu lenyewe, nikidhani nikiona watu wengi waliokufa, mtu mmoja atakuwa mdogo. Niliona picha za Wajapani ambao ngozi ya mikono imewaning'inia kama mikono ya shati. Mtoto aliyeungua hadi huwezi kujua uso uko upande gani. Niliporudi nyumbani nikamwambia Babu kwamba mawe yale ndiyo yaliyofanya vile. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wale sikuwaona," akasema. "Huyu nilimuona."

Basi haikusaidia. Mtu mmoja hakuwa mdogo.

Jumatatu rafiki yangu alitaka kusikia. Nilimwambia mashine imeharibika. Alinijua sana, hakuamini. Tulikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo baada ya michezo, wenzetu walishatoka, akaingiza mkono kwenye mfuko wangu akicheka: "Lete hapa! Au Babu ameimba?" Akakitoa kinasa sauti, akakiweka sikioni. Nilikuwa nimefunga kamba ya kiatu kimoja. Nilimsikia Babu, mdogo mdogo, anasema *mawe ya njano*, na ningeweza kumnyang'anya. Sikumnyang'anya. Nadhani nilichoka kuwa peke yangu nalo. Nilimwachia yeye kazi ya kusema, kama siku zote.

Alisikiliza mpaka kwenye reli na mabehewa. Halafu akanipiga na kiatu changu kile kingine, cha baridi, chenye soli nzito. Kilinipata mdomoni. Nilisikia jino linavunjika kabla sijasikia maumivu. Akanishika nywele akanigonga kwenye mlango wa kabati, mara moja, mara mbili, anasema kwa Kiswidi, "Ulijua jana! Ulikula andazi lake jana!" Nami nilimrudishia. Ningependa kuandika kwamba nilijilaza nikapokea, maana nilikuwa na hatia. Nilimrudishia kwa ngumi, nikampasua mdomo, nikamng'ata bega mpaka nikaonja damu ambayo sijui ilikuwa ya nani. Mwalimu wa michezo alitutenganisha kwa kutuvuta kama mbwa. Vigae vilikuwa vyekundu.

Walimpigia simu baba. Nyumbani aliniuliza mara moja tu, nikamwambia yote, Babu akiwa chumbani mlango wazi. Baba alinizaba kofi upande uleule wa jino.

"Umemvua nguo baba yangu mbele ya watu!"

"Wee, hapa si Lubumbashi!" mama akapiga kelele. "Watu wa ustawi watakuja kutuchukulia mtoto!"

Baba alinyanyua mkono tena. Babu alikuwa amesimama mlangoni, koti la nyumbani halijafungwa.

"Wacha," akasema. "Kesho unipeleke Hässelby."

"Baba, umri huu, ya zamani hiyo..."

"Utanipeleka, ao nitauliza njia kwa polisi."

Kazi ya shule niliiwasilisha wiki mbili baadaye; naieleza hapa kwa sababu sina pengine pa kuiweka. Nilisema mbele ya darasa kwamba niliongopa kuhusu makovu, kwamba babu yangu ndiye aliyekuwa anachapa. Sauti yangu ilikuwa ndogo, mwalimu akaniomba nirudie. Nikarudia.

Jumanne ile, kesho yake ya kofi, tulivuka mji mzima, Babu, baba na mimi, tukabadilisha treni katikati. Midomo yangu ilikuwa imevimba kama ya mtu mwingine. Ilikuwa karibu saa sita mchana tulipobonyeza kengele. Rafiki yangu alifungua. Jicho lake moja lilikuwa limefumba. Alimwona Babu, akanong'ona kwa Kiswidi, "Hajui. Sijamwambia. Nendeni."

"Nani?" Bibi akaita kutoka jikoni. "Kama ni wageni waingie, bukari iko karibu!"

Akatokea na mwiko mkononi, ugali umeganda kwenye ncha. Alifurahi. Hilo ndilo siwezi kulifuta, kwamba alifurahi kutuona. Alidhani tumekuja kuwapatanisha wasichana. "Eh, karibuni, watoto wamepigana, ni ya watoto hiyo, mukae."

Babu hakukaa. Alivua kofia.

"Mama, uliniuliza habari ya baba yako. Nilikuongopea. Nilimujua. Mi ndiye nilikuwa kapita. Mi ndiye nilimupiga, ishirini na tano, sababu ya yale mawe yako. Alikufa siku ile ile."

Kwanza Bibi aliufuta mwiko kwa kanga yake, polepole, kama ataurudisha kwenye sufuria. Kisha akampiga nao usoni. Mti ule ulikuwa mnene, mninga, alitoka nao Likasi. Ulimpasua Babu juu ya nyusi, damu ikamwagika moja kwa moja kwenye jicho. Akampiga begani, akampiga mkono, ule mkono wa kulia, mara nyingi, mpaka nikasikia kitu kinavunjika na sijui kama ni mti au kidole. Baba alimrukia. Babu akamzuia kwa mkono wa kushoto.

"Muache! Muache amalize!"

"Hesabu!" Bibi alikuwa anapiga kelele. "Si ulikuwa unahesabu? Hesabu!"

Na Babu akahesabu. "Tano. Sita. Saba." Amepiga magoti kwenye zulia la kuingilia, kati ya viatu vyetu, damu inadondoka ndani ya buti la baba. Rafiki yangu alikuwa amejibana ukutani, mikono masikioni. Mimi nilikuwa nimeganda, najua tu kwamba nilikuwa nahesabu pia, moyoni, na nilikuwa naogopa atapotea.

Kumi na moja ilikuwa dhaifu. Ya kumi na mbili Bibi aliukosa uso, ukagonga mlango. Alikuwa mwanamke wa karibu miaka sabini. Mkono ulimwishia nguvu. Aliketi chini, pale pale sakafuni, mbele yake, wote wawili wanahema kama watu waliopanda ngazi pamoja, na ugali ulianza kunukia kuungua.

"Alisema kitu?" akauliza. Sauti ilikuwa nyingine kabisa.

"Alikuita. Jina lako ya utoto." Babu akalitaja. Hakuna mtu Stockholm aliyelijua jina lile, hata rafiki yangu hakulijua, niliona machoni mwake.

Bibi akafunika uso kwa kanga.

"Mulimuweka wapi?"

Babu akamwambia. Akamwambia ng'ambo ya reli, pale mabehewa yalipokuwa yanageuzwa, upande wa mlima, hatua kumi kutoka kwenye kibanda cha maji. Akamwambia shimo lilikuwa na watu watatu, na baba yake ni wa katikati. Kwa kidole kisichovunjika akachora kwa damu juu ya sakafu, reli huku, kibanda huku. Bibi aliinama akatazama vizuri. Alimuuliza kibanda kilitazama wapi. Alimuuliza kichwa kililazwa upande gani. Alimfanya arudie yote mara tatu, na kila mara alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayefundishwa njia ya kwenda dukani.

Rafiki yangu alikwenda jikoni, akazima jiko, akarudi na mfuko wa njegere za barafu. Akaniwekea mkononi bila kunitazama. Nikauweka juu ya nyusi ya Babu.

Bibi aliinuka kwa kushika ukuta. Alipita juu yetu kama tumekuwa mizigo, akaingia chumbani, tukamsikia anakwangua kadi ya simu, anabonyeza zile namba ndefu, anakosea, anaanza tena. Huko Likasi simu ililia kwa muda mrefu. Halafu akaanza kupiga kelele, jinsi wanavyopiga kelele wote wa umri wake kwenye simu, kana kwamba waya haupo na ni sauti tu inayosafiri.

"Mudogo wangu! Unanisikia? Kaa chini. Uko peke yako? Kaa chini kwanza. Nimemupata Baba."